Homoni za mwanamke: mimea ipi, vitamini ipi, kipimo gani, kwa muda gani

Simama kwa muuza mitishamba pale Ngara useme "homoni zangu zimevurugika," na utauziwa kitu kabla hujamaliza sentensi. Ingia duka la virutubisho katikati ya jiji useme vivyo hivyo, utatoka na chupa nne. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayamwambii mtu lolote. Mwanamke ana estrojeni, projesteroni, prolaktini, homoni za thairoidi, insulini, hata testosteroni kidogo, na kila moja ina njia yake ya kuleta taabu. Nanaa inayoweza kumfaa mwenye nywele kidevuni haitamfaa anayetokwa na damu siku kumi. Kwa hiyo taja dalili kwanza. Kisha chagua kitu kimoja kinacholingana nayo, kipime, ukipe mizunguko mitatu ya hedhi ndipo uamue kama kinafaa.

Daftari kabla ya dawa

Siku damu inapoanza kutoka sawasawa, si matone, ndiyo siku ya 1. Kuanzia hapo andika kila jioni: damu imetoka au la, umebadilisha pedi ngapi na zilikuwa zimejaa kiasi gani, maumivu kwa alama za 0 hadi 10, matiti, usingizi, hasira, chunusi. Miezi miwili inatosha kuonyesha mtindo. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na ukiwa siku 27 mwezi huu na 31 mwezi ujao hakuna kilichoharibika. Msichana aliyevunja ungo juzijuzi anaweza kufika siku 45 kwa miaka michache ya mwanzo bila ugonjwa wowote.

Kwenye daftari hilohilo andika kila unachomeza na kila sindano unayodungwa. Hapa ndipo wengi wa Nairobi hupata jibu lao bila kununua chochote. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ni dozi kubwa ya homoni, miligramu 1.5 za levonogestreli kwa mkupuo, nayo huweza kuwahisha hedhi, kuichelewesha, au kuleta matone katikati ya mwezi. Anayeimeza mara tatu kwa mwezi atakuwa na kalenda isiyosomeka, na hakuna majani yatakayoinyoosha mpaka apate njia nyingine ya kupanga uzazi. Sindano ya miezi mitatu nayo inaweza kukata hedhi kabisa, na ukiiacha, mwili unaweza kuchukua miezi mingi, hata karibu mwaka, kabla ya kurudia mpangilio wake. Kipandikizi cha mkononi kinajulikana kwa matone yasiyo na ratiba. Haya yote ni kazi ya dawa yenyewe. Rudi kliniki ulikopewa uzungumzie kubadilisha, usiende kutafuta mizizi.

Jambo la pili kabla ya mmea wowote: pima mimba. Mimea kadhaa iliyotajwa hapa haifai kwa mjamzito.

Vipimo vichache vyenye maana

Hakuna haja ya kulipia "paneli nzima ya homoni." Hedhi ikipotea au ikiruka ovyo, anza na TSH ya thairoidi, prolaktini, na sukari ya kufunga. Prolaktini ichukuliwe asubuhi ukiwa umetulia, kwa sababu hofu na usingizi huipandisha. FSH na LH, homoni za ubongo zinazoziamuru ovari, hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya mzunguko. Projesteroni ya kujua kama yai lilitoka hupimwa takribani siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. "Siku ya 21" inayotajwa kila mahali ni ya mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Wako ukiwa wa siku 35, nenda siku ya 28, la sivyo utaambiwa yai halikutoka ilhali lilikuwa bado njiani. Damu ikiwa nyingi, pima hemoglobini na feritini, yaani akiba ya chuma mwilini.

Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha, angalia kiasi cha bayotini. Vingi vina mikrogramu 5,000 au 10,000, na kiasi hicho huvuruga mashine za maabara: thairoidi isiyo na ugonjwa huonekana kama inafanya kazi kupita kiasi. Viache siku mbili hadi tatu kabla ya kutolewa damu, na umwambie mhudumu wa maabara.

Kuna dalili zisizosubiri daftari wala chai. Kujaza pedi kila saa kwa saa mbili au zaidi. Damu baada ya tendo la ndoa. Damu yoyote baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima. Maziwa kutoka kwenye matiti ilhali hunyonyeshi, hasa pamoja na kuumwa kichwa au kutoona vizuri pembeni. Hedhi kupotea miezi mitatu bila mimba wala uzazi wa mpango. Nenda hospitali.

Maumivu ya hedhi: tangawizi

Tuanze na iliyo rahisi. Maumivu ya kawaida ya hedhi huletwa na prostaglandini, kemikali zinazokamua misuli ya kizazi, na tangawizi huzipunguza. Kipimo kilichojaribiwa sana ni gramu 1 hadi 2 za unga kwa siku, zikigawanywa. Kwa vitendo: robo kijiko cha chai kilichosawazishwa ni karibu nusu gramu. Koroga robo hiyo kwenye kikombe cha maji moto, mara tatu kwa siku, ukianza siku mbili kabla ya damu na kuendelea hadi siku ya tatu ya hedhi. Wanaoanza maumivu yakiwa yameshakolea hulalamika kwamba haifanyi kazi. Wamechelewa, maana prostaglandini nyingi zimeshamwagika. Ndiyo maana daftari linahitajika: bila kujua siku zako huwezi kuanza mapema.

Tumia unga wa tangawizi tupu. Masala ya chai ni mchanganyiko, na huwezi kujua tangawizi ni ngapi ndani yake. Inywe baada ya kula kitu, kwani kwenye tumbo tupu huleta kiungulia. Mwenye kumeza waferini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiitumie kwa kipimo hiki bila daktari kujua.

Wiki ya kabla ya hedhi: kalsiamu, B6, viteksi

Hasira, kulia bure, matiti mazito, tumbo kujaa, kisha vyote kutoweka damu ikianza: kwa hali hii kalsiamu ndiyo yenye ushahidi mzuri, na ndiyo isiyotangazwa na mtu, labda kwa sababu haina faida kubwa kwa muuzaji. Lengo ni miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula na vidonge vikijumlishwa. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu 300. Wimbi una karibu 340 kwa kila gramu 100 za unga, ila bakuli moja la uji huchukua gramu 30 hivi, kwa hiyo hesabu 100 tu. Ukiuchachusha unga siku moja au mbili, mwili huyafyonza madini vizuri zaidi. Omena ikiliwa na mifupa yake ni kalsiamu tupu. Sukuma wiki hutoa kalsiamu yake kwa urahisi kuliko spinachi na terere, ambazo zina oksaleti inayoishikilia.

Pengo likibaki, jaza kwa kidonge, na hapa soma lebo polepole. Kidonge kilichoandikwa kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe miligramu 500. Zilizobaki ni kaboneti. Mwili haufyonzi zaidi ya 500 hivi kwa mara moja, kwa hiyo usimeze viwili pamoja. Kaboneti huliwa na chakula kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo. Kwa chuma ni vivyo hivyo: ferasi salfeti miligramu 200 ina chuma miligramu 65. Lebo isiyosema ni kiasi gani cha madini yenyewe, irudishe rafuni.

Vitamini B6 inaweza kuongezwa kwa miligramu 50 kwa siku, isizidi 100, na si kwa miaka. Watu hudhani vitamini ikizidi hutoka na mkojo tu. B6 nyingi kwa muda mrefu hujeruhi neva: vidole vya miguu huanza kufa ganzi, kisha vya mikono. Chupa mbili tofauti, ya "nishati" na ya "homoni," mara nyingi zote zina B6, na hapo ndipo kipimo hupita bila mtu kujua. Jumlisha lebo zote. Ganzi ikianza, acha siku hiyohiyo.

Viteksi ni tunda kavu la kichaka cha nchi za Mediterania, *Vitex agnus-castus*. Mfudu unaoliwa Pwani na Ukambani ni ndugu yake, lakini si mmea uleule, na muuzaji akikwambia ni kimoja usinunue. Viteksi hugusa vipokezi vya dopamini na kushusha prolaktini, hivyo hupunguza maumivu ya matiti na hasira za kabla ya hedhi. Kipimo kilichofanyiwa majaribio mazuri ni miligramu 20 za kiini chake kilichokaushwa, mara moja asubuhi, kila siku, hedhi ikiwepo isiwepo. Utasubiri mizunguko mitatu. Anayemeza vidonge vya kupanga uzazi hana sababu ya kukitumia, kwani vidonge hivyo vimeshazima mpangilio kinaotaka kuugusa. Asitumie mjamzito, wala anayetumia dawa za magonjwa ya akili au za Parkinson.

Ndevu, chunusi za taya na hedhi za kuruka: PCOS

PCOS ni hali ya ovari kuwa na vifuko vingi vidogo na homoni za kiume kupanda. Kwa wanawake wengi wenye hali hiyo, insulini iliyopanda huziamuru ovari zitengeneze testosteroni kupita kiasi. Ukitaka mmea ukusaidie, shusha kwanza insulini kwa sahani. Ugali wa ukubwa wa ngumi badala ya nusu sufuria, maharagwe au ndengu kila siku, mboga nusu ya sahani, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku ikome. Aliye na uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 pekee huweza kurudisha hedhi. Hakuna chupa kwenye rafu inayofikia hapo.

Baada ya hilo, nanaa. Ile ya kawaida ya vibanda vya mama mboga, yenye majani ya mikunjo na harufu tamu, ndiyo iliyojaribiwa. Nanaa kali ya peremende ni nyingine. Chukua kiganja cha majani mabichi, mimina kikombe cha maji yaliyochemka, funika kwa dakika kumi ili mafuta yasipande na mvuke, uchuje. Vikombe viwili kwa siku. Katika majaribio ya mwezi mmoja testosteroni huru ilishuka, lakini nywele hazikupungua sana. Si ajabu, kwani unywele mmoja huishi miezi mingi. Ipe nusu mwaka kabla ya kuihukumu kidevuni.

Mdalasini una tafiti ndogo zenye matumaini, kwa gramu 1.5 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Shida iko sokoni. Kasia, binamu yake wa bei nafuu, ana kumarini nyingi, ambayo ikimezwa kila siku huweza kudhuru ini. Nunua vijiti, usinunue unga, na uviangalie kichwani: mdalasini wa kweli una tabaka nyingi nyembamba zilizokunjwa pamoja kama sigara, na huvunjika kwa vidole. Kasia ni gome moja nene lililojikunja, gumu kama ubao. Ukishasagwa huwezi kutofautisha. Saga mwenyewe.

Uwatu, ambao Parklands na Ngara utaupata kwa jina la methi, hushusha sukari. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu, karibu gramu 4, kiloweke usiku, asubuhi utafune mbegu na kunywa maji yake. Jasho litanukia utamu, usishtuke. Anayedunga insulini au kumeza glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari hadi kutetemeka, basi apime na amjulishe daktari. Mwenye mzio wa njugu awe mwangalifu, na mjamzito aachie kwenye kiwango cha mchuzi.

Inositoli hutumiwa kwa gramu 4 za mayo-inositoli kwa siku, mara mbili gramu 2 kwenye maji. Ni salama, ushahidi wake ni wa wastani, bei yake si ya wastani. Ukilazimika kuchagua kati yake na kununua mboga na mayai ya mwezi, nunua mboga na mayai.

Hata ukifuata haya yote, usikubali kukaa bila hedhi zaidi ya miezi mitatu. Utando wa ndani wa kizazi unaoendelea kunenepa bila kutoka ni hatari ya baadaye, na daktari ana vidonge vya kuutoa.

Damu nyingi

Faibroidi, vivimbe vya kizazi visivyo saratani ambavyo mara nyingi huleta damu nyingi, haziyeyuki kwa mitishamba. Unachoweza kufanya nyumbani ni kurudisha chuma kinachopotea, baada ya kupima. Kidonge kimoja cha ferasi salfeti siku moja, siku ya pili upumzike: watu wengi hufyonza vizuri hivyo na tumbo huwasumbua kidogo. Kimeze na maji ya limau au chungwa. Chai ndiyo adui mkubwa, na Nairobi chai iko kila mahali. Tanini zake hukifunga chuma tumboni, hivyo acha saa moja kabla na mbili baada ya kidonge. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Hemoglobini ikirudi sawa, endelea miezi mitatu zaidi ili kujaza akiba.

Juisi ya bitruti ni nyekundu, basi. Chuma chake ni kidogo mno. Managu, maharagwe, nyama na maini vina zaidi. Thabai, majani yanayowasha ngozi, ina madini ya kutosha na huacha kuwasha ikishachemka, ila ina vitamini K nyingi, haimfai wa waferini. Anayetafuta mimba asile maini kila siku, kwa ajili ya vitamini A, na aanze foliki asidi mikrogramu 400 kabla ya kushika mimba.

Hedhi inapokoma

Kwa joto la ghafla usiku, soya hupunguza kidogo: glasi mbili za maziwa ya soya au kiganja cha maharagwe yake kwa siku, kwa wiki kumi na mbili. Mbegu za kitani, kijiko kimoja hadi viwili vya supu, ni nzuri kwa choo na moyo, na kwa joto zina msaada hafifu. Zisage siku unayozila. Nzima hupita tumboni kama zilivyoingia, na zilizosagwa zamani hunuka rangi ya mafuta. Aliyewahi kuugua saratani ya titi azungumze na daktari wake kwanza. Vitamini D yuniti 1,000 kwa siku inamfaa anayeingia ofisini alfajiri na kutoka jioni, au anayejifunika mwili wote, hasa Juni hadi Agosti mawingu yanapotanda jijini. Usivuke 4,000 bila kipimo.

Vinavyogongana

ARV zenye dolutegraviri hufungwa na kalsiamu, chuma na magnesiamu. Zimeze saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au saa sita baada yake. Dawa ya thairoidi ikae mbali navyo kwa saa nne. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja. Mmea uitwao St John's wort huharakisha ini kuondoa dawa: huweza kudhoofisha vidonge na vipandikizi vya uzazi pamoja na ARV, na mtu akashika mimba akidhani amelindwa. Mimea ya ashwaganda na blakikohoshi imeripotiwa kujeruhi ini kwa watu wachache; macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa kama kola, acha na uende hospitali. Vidonge vya mwani wa bahari vina iodini nyingi, na chumvi ya Kenya tayari imewekwa iodini, kwa hiyo vinaweza kuivuruga thairoidi uliyotaka kuitengeneza.

Lulu za mitishamba zinazoingizwa ukeni "kusafisha kizazi" usiziguse. Uke hujisafisha, na unyevu unaotoka baada ya siku tatu, ambao wauzaji huita sumu, ni utando uliochubuka na maambukizi yanayoanza. Vilevile dawa ya maji kwenye chupa isiyo na lebo: huwezi kujua kilichomo, na dunia nzima zimeshakamatwa dawa za "asili" zilizotiwa steroidi kisiri. Bidhaa ya vidonge iwe na jina la mtengenezaji, nambari ya toleo, tarehe ya mwisho, na iwe imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Mizunguko mitatu ikiisha, linganisha daftari la sasa na lile la mwanzo. Maumivu yaliyoshuka kutoka 8 hadi 4 ni kazi nzuri, endelea. Yaliyobaki 7 ni ishara ya kuacha kitu hicho, kupumzika mwezi mmoja, kisha kujaribu kingine au kumwona daktari wa wanawake. Ukienda, beba daftari na chupa zote zenyewe, hata zile za maji na zile ulizoacha, kwa sababu anachohitaji daktari kiko nyuma ya lebo kwa maandishi madogo.